Afya ya Akili Shuleni: Mwalimu Aandaliwe Vipi?

Utangulizi

Tumezoea kuipima elimu kwa madarasa yaliyojengwa, madawati yaliyotengenezwa na idadi ya wanafunzi waliofaulu. Vipimo hivi ni halali. Nchi ambayo katika Azimio la Musoma la 1974 iliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na ambayo tangu Januari 2016 imefuta ada katika shule za umma za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, haiwezi kupuuza idadi. Mtoto asiye na shule hana pa kuanzia.

Lakini idadi ni nusu ya kazi. Mtoto aliyeketi kwenye dawati lile ana mwili, ana akili, na ana hisia. Anaweza kuhesabiwa katika daftari la mahudhurio asubuhi huku fikra zake zote ziko kwenye ugomvi wa jana usiku nyumbani, au kwenye msiba wa mama yake, au kwenye fimbo inayomsubiri saa nne. Mtoto huyo yupo darasani kwa jina tu. Serikali imemjengea darasa, wazazi wamemshonea sare, mwalimu ameandaa somo, na bado hajifunzi.

Makala hii inajadili swali moja: walimu na watumishi wengine wa shule waandaliwe vipi ili waweze kuilinda afya ya akili ya wanafunzi na kuwafundisha kuzimudu hisia zao? Swali hili linazungumzwa sana siku hizi katika semina. Hatari iliyopo ni kwamba linaweza kuishia huko huko kwenye semina. Kwa hiyo ni wajibu wa kada kulielewa kwa undani: tatizo ni nini, chanzo chake kiko wapi, na ni masharti gani yanayofanya mafunzo ya walimu yazae matunda au yapotee bure.

Maana ya Maneno

Kabla ya kuendelea yafaa tuelewane juu ya maneno tunayotumia, maana utatanishi wa maneno huzaa utatanishi wa vitendo.

Afya ya akili ni hali ya mtu kuweza kufikiri sawasawa, kuhisi bila kuzidiwa, kuhimili misukosuko ya kawaida ya maisha, kufanya kazi na kuishi vizuri na wenzake. Kila mtu anayo afya ya akili, nzuri au mbaya, kama vile kila mtu anavyokuwa na afya ya mwili. Jambo hili halijaeleweka vizuri kwa wengi wetu. Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma imehudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za ukoloni, lakini katika mazungumzo ya mitaani jina lake limegeuzwa kuwa tusi. Mtu akisema neno lisilopendeza, anaambiwa apelekwe Mirembe. Matokeo yake, anayeumwa huficha ugonjwa wake, na mzazi huficha mtoto wake. Wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Elimu ya hisia ni mafunzo yanayomwezesha mwanafunzi kuitambua hisia aliyo nayo, kuitaja kwa jina, kuizuia isimtawale, na kuielewa hisia ya mwenzake. Mtoto anayejua kusema "nina hasira kwa sababu fulani" amekwisha kupata njia ya pili mbali na ngumi. Hii si elimu ngeni. Bibi aliyewakusanya wajukuu usiku kwa hadithi za Sungura na Fisi alikuwa akifundisha wivu ni nini, tamaa ni nini, na mwisho wa kiburi ni upi.

Unasihi ni kumsikiliza mtu mwenye tatizo na kumsaidia alione vizuri na kulitafutia njia yeye mwenyewe. Unasihi si mahubiri, wala si kumpa mtu amri. Mwalimu anayemwita mwanafunzi ofisini, akamfokea kwa dakika kumi na kumalizia kwa kusema "nimekushauri", hajatoa unasihi wowote.

Hali Halisi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Tukilipeleka kadirio hilo katika darasa lenye wanafunzi 70, tunazungumzia wanafunzi 10 katika chumba kimoja. Baadhi yao wana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Wengine wana wasiwasi usiokoma. Wengine wameelemewa na kiwewe cha jambo walilolishuhudia au walilotendewa.

Mazingira ya watoto wetu yanajulikana. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitangazwa 2011. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na mvulana 1 kati ya kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Na waliotajwa zaidi kuwa watendaji wa ukatili huo wa kimwili walikuwa ni ndugu wa mtoto na walimu.

Taifa lilistahili sifa kwa kuthubutu kujitazama katika kioo. Lakini tusisome takwimu hizo kama habari za jana na kuzipita. Zinatuambia mambo mawili yanayopingana. La kwanza, shule ni mahali ambapo mtoto aliyeumizwa nyumbani angeweza kuonwa na kusaidiwa, kwa kuwa hakuna mtumishi wa umma anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko mwalimu. La pili, kwa watoto wengi shule yenyewe imekuwa sehemu ya maumivu. Huu ndio mgongano mkuu tunaopaswa kuuchambua.

Hofu na Kujifunza

Wapo wanaoamini kwamba hofu humsaidia mwanafunzi kujifunza. Wanatoa mfano wa darasa lililo kimya. Ni kweli kwamba darasa lenye hofu huwa kimya, lakini ukimya si ushahidi wa kufikiri.

Mtu anapohisi hatari, mwili wake hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi hubadilika, na akili yote huelekezwa kwenye ile hatari. Maandalizi haya yana faida kubwa kwa mtu aliyekutana na nyoka njiani. Kwa mwanafunzi anayejaribu kuelewa sehemu na desimali ni balaa, kwa sababu akili inayolinda mgongo haina nafasi ya kupanga hesabu. Hofu hiyo ikiwa ya siku moja, hupita. Ikiwa ya kila siku, humchosha mtoto, humharibia usingizi, humfanya mwepesi wa hasira au mzito wa kuzungumza, na hatimaye humfanya aichukie shule. Mtoro tunayemtafuta kwa mgambo mara nyingi ni mtoto aliyekimbia hofu.

Kuna hasara nyingine, nayo ni ya kisiasa. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere Machi 1967, ilitaka shule zijenge watu wenye akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wenzao na imani katika usawa wao na watu wengine. Mtoto aliyezoeshwa kwa miaka saba kwamba swali huzaa kofi, hawezi kuwa mwananchi anayesimama katika mkutano wa kijiji kuuliza mapato na matumizi. Tunampa cheti cha elimu ya msingi na woga wa maisha.

Suala la Fimbo

Hatuwezi kujadili afya ya akili shuleni na kuikwepa fimbo. Wako wanaosema fimbo ni mila yetu. Dai hili lina ukweli nusu. Ni kweli wazazi wa zamani waliwachapa watoto. Lakini malezi yao hayakuwa fimbo peke yake. Walikuwapo babu na bibi wa kumsikiliza mtoto, mashangazi na wajomba wa kumsemesha, watani wa kumsuta kwa mzaha, na jando na unyago wa kumwandaa kwa utu uzima. Kiboko kama chombo rasmi cha utawala, chenye idadi maalumu na kinachotolewa mbele ya umma ili kuvunja moyo, tulikifahamu sana chini ya Wajerumani. Ndiyo maana mpaka leo wazee wanakumbuka maneno "hamsa ishirini". Hicho kilikuwa chombo cha mtawala kwa mtawaliwa. Kukiita urithi wa mababu ni kasumba.

Kanuni za serikali zilizotangazwa mwaka 2002 ziliweka mipaka. Viboko visizidi vinne. Vitolewe kwa kosa kubwa la nidhamu tu. Mwenye mamlaka awe mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kila adhabu iandikwe katika kitabu. Sasa tujiulize bila kuoneana haya: ni shule ngapi ambapo mwalimu huingia darasani na fimbo mkononi kama vile ni sehemu ya chaki? Hata kwa kipimo cha kanuni hizo, mwanafunzi anayechapwa kwa kukosa jibu la hesabu anaonewa.

Kwa upande wa afya ya akili hoja ni nyepesi kuelewa. Tunamwomba mwalimu awe mnasihi. Tunamwambia mwanafunzi: ukiwa na tatizo, nenda kwa mwalimu. Lakini mwanafunzi huyo alimwona mwalimu yule yule akimchapa jirani yake asubuhi kwa kuchelewa, bila kuuliza kwamba alichelewa kwa sababu alikuwa akimuuguza bibi yake. Je, atakwenda? Hawezi kwenda. Mkono mmoja hauwezi kushika fimbo na kupokea siri.

Mafunzo Yaliyojaribiwa

Bahati nzuri jambo hili limekwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki kwa uchunguzi wa kitaalamu. Tutazame mifano minne, tukiwa na nia ya kujifunza kutokana na iliyofanikiwa na ile isiyofanikiwa.

(a) Arusha. Walimu wa sekondari walifundishwa mambo ya msingi kuhusu afya ya akili: akili hufanyaje kazi, sonona ni nini, dalili zake ni zipi, na mgonjwa apelekwe wapi. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba ujuzi wa walimu uliongezeka na unyanyapaa wao dhidi ya wagonjwa ulipungua. Funzo: ujinga katika jambo hili unatibika, tena kwa muda mfupi.

(b) Shule 8 za sekondari za serikali nchini Tanzania. Nusu ya shule hizo walimu wake walipata mafunzo ya siku chache kuhusu namna ya kuishi na wanafunzi kwa heshima: kumsifu anayefanya vizuri, kuweka kanuni za darasa zinazoeleweka, kutumia adhabu zisizoumiza wala kudhalilisha, na kumsaidia mtoto aliyeelemewa. Nusu nyingine haikupata. Matokeo, yaliyochapishwa 2018, yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye ukatili wa walimu, wa mwili na wa maneno, ulikuwa umepungua katika shule zilizopata mafunzo. Funzo: mwalimu hubadilika akipewa njia nyingine ya kuliongoza darasa. Kumnyang'anya fimbo bila kumpa njia hiyo ni kumwacha mikono mitupu mbele ya wanafunzi mia.

(c) Wilaya ya Luwero, Uganda. Shule za msingi 42 zilihusishwa katika uchunguzi uliochapishwa 2015. Katika nusu yake yalifanyika mabadiliko ya shule nzima kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Walimu, wanafunzi, uongozi wa shule na wazazi wote walishiriki. Wanafunzi waliunda kamati zao, kanuni za shule zikajadiliwa upya, na mwalimu aliyefanya vizuri akatambuliwa. Mwishoni, uwezekano wa mwanafunzi kufanyiwa ukatili wa kimwili na mtumishi wa shule katika juma lililopita ulikuwa umepungua kwa asilimia 42, na wanafunzi walijisikia salama zaidi shuleni. Lakini lilitokea jambo jingine ambalo kila kada alitafakari. Katika mahojiano ya mwisho, watoto walieleza mambo mazito kiasi kwamba 434 kati yao walipelekwa kwenye vyombo vya ulinzi wa mtoto. Funzo: mlango ukifunguliwa watoto husema. Basi lazima awepo mtu wa kupokea wanayoyasema.

(d) Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Hapa uchunguzi ulihusisha shule 27 zilizokuwa zikisomesha watoto wa Kikongo na wa Kirundi, na walimu wa sehemu ya shule hizo ndio waliofundishwa. Mafunzo yalikuwa mazuri kwa maandishi: kuutambua uchungu wa mtoto, kuizuia hasira yako mwenyewe, na kuliongoza darasa bila kupiga. Vikao viliongozwa na walimu wenyewe kwa vikundi. Matokeo yalichapishwa 2021. Ukatili haukupungua, hapakuwa na tofauti kati ya shule zilizofundishwa na zisizofundishwa.

Mfano huu wa nne una thamani kubwa, nao usifichwe. Mtu mvivu wa kufikiri atasema: kumbe mafunzo ni bure. Mtu mwingine mvivu atasema: walimu wale ni wabaya. Wote wawili wanakosea. Mazingira ya kambi si mazingira ya kijiji. Madarasa yamefurika, mwalimu mwenyewe ni mkimbizi aliyepoteza nyumba na ndugu, na mustakabali wake haujui. Mahali pamoja hapawezi kutoa kanuni ya mahali pote. Hata hivyo tukiuweka mfano huo kando ya ule wa Luwero, mwelekeo wa jambo unaonekana. Luwero ilijitahidi kuigeuza shule nzima kwa muda mrefu, na wanafunzi wakiwa wadau. Nyarugusu ilielekeza nguvu kwa mwalimu, na mazingira yake yakabaki vile vile. Fikra za mtu hubadilika kwa elimu, lakini elimu hiyo inapogongana kila siku na hali inayomsukuma arudi alikotoka, hali hiyo mara nyingi ndiyo hushinda.

Mafunzo Yawe na Nini?

Kutokana na mifano hii, mafunzo ya watumishi wa shule yafaa yawe na mambo matano.

Kwanza, kutambua. Mwalimu si daktari, wala hatakiwi kutaja jina la ugonjwa. Anatakiwa kuyaona mabadiliko. Mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu amenyamaza kwa majuma mawili. Aliyekuwa akifaulu ameporomoka ghafla. Anasinzia kila siku. Anakataa kula na wenzake. Amejikata mikononi. Anasema maneno ya kuchoka kuishi. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha hata siku moja, na mtoto aliyeyasema asiachwe peke yake mpaka apate msaada. Kumuuliza mtoto kwa upole kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye ameulizwa.

Pili, kusikiliza. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 umefupisha kazi hii katika hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kusikiliza ni stadi inayofunzwa kwa mazoezi. Mwalimu afanye zoezi la kukaa na mwenzake dakika tano bila kumkatiza, bila kumhukumu na bila kumpa mfano wa maisha yake mwenyewe. Wengi watashangaa jinsi zoezi hilo lilivyo gumu.

Tatu, kuunganisha. Kila shule iwe na orodha iliyoandikwa na kubandikwa ofisini: zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya msaada kwa mtoto. Mwalimu ajue pia mipaka ya siri. Mtoto akieleza kwamba anabakwa au anapigwa kwa ukatili, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka jamii itoe taarifa. Mwalimu asimwahidi mtoto kwamba hatamwambia mtu yeyote. Amwahidi kwamba atawaambia wale tu wanaoweza kumlinda.

Nne, kuliongoza darasa bila kuogofya. Kanuni chache zilizotungwa pamoja na wanafunzi, zinazotekelezwa kwa haki na kwa wote. Sifa inayotolewa hadharani na onyo linalotolewa faraghani. Kazi ya kurekebisha kosa: aliyevunja dawati alitengeneze, aliyemtukana mwenzake apatane naye.

Tano, kufundisha hisia ndani ya masomo. Hakuna haja ya kuongeza somo jipya katika ratiba iliyojaa. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha hadithi na aulize: mhusika huyu alihisi nini, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mwalimu wa michezo afundishe kushindwa bila kupigana. Mwalimu wa darasa aanze juma kwa dakika chache za kila mmoja kusema hali yake.

Na tunaposema watumishi wa shule, tusiishie kwa walimu. Matroni na patroni wa bweni, mpishi, mlinzi, hata karani wa shule, wote huwaona wanafunzi saa ambazo mwalimu hayupo. Mlinzi ndiye anayejua ni mwanafunzi gani hulia nyuma ya choo jioni. Mpishi ndiye anayejua nani haji kula. Mafunzo yanayowaacha hawa nje yameacha nusu ya macho ya shule.

Mwalimu Naye ni Binadamu

Kosa la mipango mingi ni kumtazama mwalimu kama bomba la kupitishia huduma. Mwalimu anaye pia moyo unaochoka. Yuko anayeishi mbali na shule na mbali na familia yake, anayefundisha vipindi vingi, mwenye madaftari mia ya kusahihisha kwa taa hafifu, na mwenye madai yasiyolipwa. Yuko aliyelelewa kwa fimbo tangu utoto wake na hajawahi kuonyeshwa njia nyingine. Tukimwongezea jukumu la unasihi juu ya mzigo huo bila kumpunguzia chochote, tunampa sababu mpya ya kukasirika, na hasira hiyo itamshukia mtoto.

Kwa hiyo kumtunza mwalimu ni sehemu ya kumtunza mwanafunzi. Mwalimu mnasihi apunguziwe vipindi. Apate chumba, hata kidogo, ambamo mwanafunzi anaweza kusema bila kusikika. Walimu wakutane kila mwezi kujadili matatizo yanayowaelemea, bila kutaja majina ya wanafunzi, ili kila mmoja ajue hayuko peke yake. Mwalimu mkuu naye awatendee walimu wake jinsi anavyotaka wao wawatendee wanafunzi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea ubwana wa viongozi kwa wanaowaongoza. Mwalimu anayefokewa mbele ya wanafunzi na mkuu wake atatafuta mdogo wake wa kumfokea.

Wajibu wa Kada na wa Mwanafunzi

Hatua zimekwisha kuanza kuchukuliwa. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto uliozinduliwa kwa kipindi cha 2017/18 hadi 2021/22 uliitaja shule kuwa moja ya maeneo ya kazi. Novemba 2021 serikali ilifungua njia kwa wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi shuleni. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ulioidhinishwa 2020, umebeba ndani yake mpango wa Shule Salama, unaohusu pia kuwa na walimu wanasihi waliofundishwa. Sera basi ipo. Kinachobaki ni kuitoa sera kwenye karatasi na kuiingiza darasani. Msichana aliyejifungua anaporudi na kuzomewa na wenzake huku mwalimu akicheka, waraka umetekelezwa na mtoto amefukuzwa tena.

Kada aliye katika kamati ya shule, katika kata au katika halmashauri, ana maswali mahsusi ya kuuliza. Shule yetu ina mwalimu mnasihi? Amefundishwa au ameteuliwa tu? Ana vipindi vingapi? Kitabu cha adhabu kipo, na mara ya mwisho kilikaguliwa lini? Mtoto akieleza kwamba amedhulumiwa, taarifa inakwenda kwa nani na inajibiwa ndani ya siku ngapi? Bajeti ya mafunzo imetengewa kikao kimoja, au ina ufuatiliaji wa mwaka mzima? Halmashauri inayojibu kwa kuonyesha picha za ufunguzi wa semina haijajibu.

Kada anapaswa pia kujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba kila utovu wa nidhamu ni ugonjwa. Nidhamu inahitajika, na shule isiyo na kanuni huwaumiza zaidi wanyonge, kwa kuwa huwaachia wababe watawale. La pili ni kudhani kwamba kila huzuni itaisha mwalimu akisikiliza vizuri. Mtoto mwenye njaa anahitaji uji kabla ya unasihi. Mtoto anayebakwa nyumbani anahitaji mbakaji akamatwe. Unasihi unaotumiwa kumzoesha mtu dhuluma ni dhuluma ya pili.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu nanyi mna sehemu yenu. Mwenzenu aliyenyamaza mnamwona kabla ya mwalimu kumwona. Kumcheka aliyelia, kumpa jina la utani aliyeugua, na kusambaza siri ya aliyekuamini ni ukatili unaofanywa na wanafunzi wenyewe, na hakuna waraka wa wizara utakaouzuia kama ninyi hamuukatai. Serikali ya wanafunzi iombe uongozi wa shule mambo mawili ya kuanzia: sanduku la maoni linalofunguliwa na zaidi ya mtu mmoja, na nafasi ya kushiriki katika kutunga kanuni za shule.

Hitimisho

Tumeona kwamba afya ya akili ni sehemu ya elimu, na kwamba hofu hula kile kile ambacho darasa lilijengwa kukitoa. Tumeona kwamba mwalimu anaweza kubadilika akifundishwa, na kwamba mafunzo hayo hayo yanaweza kupotea yasipoungwa mkono na shule nzima, na uongozi, na vyombo vya kumpokea mtoto aliyesema. Hivyo swali la kuandaa walimu haliwezi kutenganishwa na swali la mazingira yao ya kazi.

Kipimo cha kazi hii ni rahisi, na kila kada anaweza kukitumia bila kuwa mtaalamu. Akiitembelea shule, aache kwanza kuuliza wastani wa ufaulu. Amuulize mwanafunzi wa darasa la nne, mbali na walimu: ukipatwa na jambo baya, katika shule hii utamwambia nani? Mtoto akitaja jina la mtu bila kusita, shule hiyo inafanya kazi yake. Mtoto akitazama chini na kunyamaza, kikao kijacho cha kamati ya shule kimekwisha kupata ajenda yake ya kwanza.